Kwa nini bili za Uingereza hupanda jua linaporudi

Majira ya kuchipua ya mwaka 2025 yalikuwa na jua jingi kuliko yote yaliyowahi kupimwa Uingereza tangu rekodi za jua zianze mwaka 1910. Yalikuwa pia na joto kuliko yote tangu 1884. Mwezi Aprili watu walikaa nje hadi jioni, watoto walivua makoti mapema, na hata wale wanaoichukia hali ya hewa ya huku walinyamaza kidogo. Mwezi huohuo bei kikomo ya umeme na gesi ilipanda kwa asilimia 6.4. Bili ya maji ya wastani katika England na Wales ilipanda kwa pauni 123 kwa mwaka, kutoka pauni 480 hadi 603. Leseni ya televisheni ilifika pauni 174.50, na halmashauri nyingi za England zikaongeza kodi yake inayotozwa kila nyumba (council tax) kwa karibu asilimia 5, ambayo kwa nyingi kati yake ndiyo ya juu kabisa bila kuitisha kura ya wakazi.

Wengi wetu tunaoishi huku tunasema "kila kitu kimepanda" na mazungumzo yanaishia hapo. Ni kweli kimepanda. Lakini ndani ya hicho "kila kitu" kuna mambo ya asili tofauti kabisa: mengine ni ya kalenda tu, mengine yanatoka kwenye soko la dunia, mengine ni uamuzi wa watu waliokaa ofisini London. Ukiyatenganisha unajua lipi la kujiandaa nalo na lipi la kudai haki yako. Tena unaacha kujilaumu kwamba umefuja fedha, kumbe umeishi kama mwaka jana na ni bei zilizobadilika. Hilo la mwisho naliona kubwa, maana nimeona watu wakijinyima hata kutoka nje, kana kwamba jua nalo linalipiwa.

Tuanze na kalenda. Hadi mwaka 1752, mwaka wa kisheria England ulianza tarehe 25 Machi, sikukuu ya kupashwa habari Bikira Maria. Ilikuwa mojawapo ya siku nne za mwaka za kulipa kodi za mashamba na kufunga mikataba. Mwaka huo nchi ilihamia kalenda mpya na siku 11 zikarukwa: baada ya 2 Septemba ikaja 14 Septemba. Mahesabu ya kodi hayakukubali kupoteza siku hizo, yakasogezwa mbele, na ndiyo maana hadi leo mwaka wa kodi ya mapato Uingereza unaanza tarehe ya ajabu, 6 Aprili. Bajeti za serikali na halmashauri zinaanza 1 Aprili. Kampuni za maji hufuata mwaka huohuo, na kampuni nyingi za simu na intaneti hupandisha bei Machi au Aprili. Kwa hiyo bei zinapokurupuka pamoja na maua si kwamba mtu amepanga kukuharibia furaha. Ni desturi ya karne nyingi ya kufunga na kufungua hesabu baridi inapokwisha.

Kodi ya halmashauri ina mtego wake wa ziada. Kwa kawaida hulipwa kwa awamu 10, Aprili hadi Januari. Februari na Machi hulipi kitu. Kwa miezi miwili familia inazoea kuwa na nafasi kidogo mfukoni, halafu Aprili kodi inarudi ikiwa imeongezeka, na maumivu yanakuwa mara mbili. Una haki ya kuomba kulipa kwa awamu 12 badala ya 10. Jumla haipungui, lakini kila awamu inakuwa ndogo na lile pigo la Aprili linapungua. Anayeishi peke yake akiwa mtu mzima pekee nyumbani hupunguziwa asilimia 25, na nyumba yenye wanafunzi wa chuo wa muda wote peke yao hailipi kabisa. Hapa wenzetu wenye viza zinazokataza kupokea fedha za umma wawe makini: punguzo la kodi hiyo linalotolewa kwa sababu ya kipato kidogo limo katika orodha ya fedha za umma, lakini lile la asilimia 25 la anayeishi peke yake halimo. Wapo wanaoogopa yote mawili na kulipa zaidi bure.

Jambo jingine kuhusu kodi hiyo ni kwamba kiwango chako kinategemea nyumba ingeuzwa kwa kiasi gani tarehe 1 Aprili 1991, ikiwa uko England au Uskoti. Si thamani ya leo. Nyumba iliyowekwa kwenye kundi lisilo sahihi wakati ule inaweza kuwa bado iko hapo, na unaweza kuomba ikaguliwe. Ila linganisha kwanza na za majirani zinazofanana na yako, kwa sababu ukaguzi unaweza kuipandisha vilevile.

Sasa nishati, ambako ndiko kuna mkanganyiko mkubwa. Anayetoka Tanzania anajua bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA kila mwezi, na wa Kenya anazijua za EPRA. Zote mbili ni bei ya lita, na kila mtu anaelewa kwamba ukijaza nyingi unalipa nyingi. Mdhibiti wa nishati wa Uingereza, Ofgem, naye huweka kikomo cha bei ya uniti, mara nne kwa mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Lakini magazeti hutangaza namba ya mwaka mzima, kwa mfano pauni 1,849 kwa Aprili 2025, na watu huamini kwamba bili yao haiwezi kuzidi hapo. Sivyo. Hiyo ilikuwa hesabu ya nyumba ya mfano iliyokadiriwa kutumia uniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi kwa mwaka. Familia ya watu sita katika nyumba inayovuja upepo italipa zaidi sana, na mtu mmoja katika chumba kimoja atalipa kidogo.

Na kuna ada ya kila siku, inayolipwa hata usipowasha taa moja. Katika kipindi kilichoanza Aprili 2025 ilikuwa wastani wa karibu peni 54 kwa umeme na peni 33 kwa gesi. Ukijumlisha ni kama pauni 315 kwa mwaka. Hii ndiyo sababu mtu anazima pasha-joto kuanzia Aprili, anafurahi, kisha bili haishuki kama alivyotarajia. Wenye mita za kulipia kabla ndio huumia zaidi bila kujua. Wakiacha kuweka fedha kwenye mita ya gesi miezi ya joto, ada inaendelea kuandikwa kimyakimya kama deni. Oktoba wanaweka pauni 20 na sehemu kubwa inamezwa papo hapo. Ni afadhali kuweka kidogo kidogo majira yote.

Wanaolipa kwa makato ya benki kila mwezi wana hali nyingine. Kampuni hukadiria matumizi ya mwaka na kugawa sawasawa, kwa hiyo kuanzia machipuko hadi mwisho wa kiangazi unalipa kuliko unachotumia, na ziada hukaa kwenye akaunti yako ikingoja baridi. Ziada hiyo ni fedha yako. Ukikuta ni kubwa kupita kiasi unaweza kuomba irudishwe au makato yapunguzwe. Jambo la lazima ni kusoma mita siku bei inapobadilika, kama huna mita inayotuma namba yenyewe, ili uniti za Machi zisije zikatozwa bei ya Aprili. Tarehe 31 Machi 2022 watu wengi walijaribu kutuma namba zao kwa wakati mmoja hadi tovuti za kampuni kadhaa zikazimika. Siku iliyofuata bei kikomo ilipanda kwa asilimia 54, kutoka pauni 1,277 hadi 1,971.

Kilichosababisha mruko ule kilikuwa gesi. Bei yake katika soko la dunia ilianza kupaa mwaka 2021, na uvamizi wa Urusi nchini Ukraine Februari 2022 ukaizidisha. Uingereza hupasha nyumba nyingi joto kwa gesi, na mara nyingi bei ya gesi ndiyo inayoamua bei ya umeme wote sokoni, hata ule uliozalishwa na upepo.

Twende kwenye chakula, kwa sababu hapo ndipo neno "mfumuko wa bei" linapowachanganya watu hadi wanaona serikali inadanganya. Mfumuko ulifika kilele cha asilimia 11.1 Oktoba 2022. Kufikia Mei 2024 ulikuwa umeshuka hadi asilimia 2, na wanasiasa wakashangilia. Mama aliye dukani akiangalia mafuta ya kupikia na mchele hakuona kilichoshuka. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mfumuko ni kasi ya kupanda, na bei ni mahali zilipofika. Chukua kitu cha pauni 100: mwaka mmoja kikipanda kwa asilimia 19 kinakuwa 119, na mwaka unaofuata kikipanda kwa asilimia 2 tu kinakuwa zaidi ya 121. Kasi imepungua sana, na wewe bado unalipa zaidi. Kati ya Januari 2022 na Januari 2024 bei za vyakula Uingereza zilipanda kwa takribani robo. Kabla ya hapo ongezeko la kiasi hicho lilikuwa limechukua zaidi ya miaka 13.

Majira yenyewe nayo yana mkono wake kwenye bei. Kwa macho, Aprili ni mwezi wa neema: miti inatoa majani, nyasi ni kijani, kondoo wamezaa. Kwa mkulima wa mboga wa huku ni mwezi mkavu wa mavuno. Mboga za baridi zimekwisha au zimeanza kutoa maua, na zilizopandwa karibuni bado ni miche. Kati ya Aprili na mwanzo wa Juni ndipo shamba la Uingereza lina mboga chache kuliko wakati wowote. Nyanya, matango na pilipili hoho huagizwa kwa wingi kutoka Hispania, Morocco na Uholanzi, au hukuzwa kwenye vibanda vya kioo vinavyopashwa joto. Februari na Machi 2023 nyanya ziliadimika hadi maduka makubwa yakaweka idadi ambayo kila mteja angeruhusiwa kununua. Baridi na mafuriko yalikuwa yameharibu mavuno Hispania na Morocco, na wakulima wengi wa vibanda vya kioo hapa hawakupanda mapema kwa sababu gharama ya kuvipasha joto ilikuwa haibebeki. Kwa hiyo bili ya gesi iliingia hadi kwenye kachumbari.

Chokoleti za Pasaka ni habari ya kwetu Afrika zaidi. Mavuno ya kakao Ivory Coast na Ghana yaliharibiwa na hali ya hewa na magonjwa ya miti, na Desemba 2024 tani moja ilipita dola 12,000. Mayai ya chokoleti ya Pasaka iliyofuata yalikuwa ghali, na mengine yalipunguzwa uzito huku kasha likibaki lilelile. Angalia gramu, usiangalie kasha.

Wapo watakaosema kwamba Aprili mapato nayo hupanda, na ni kweli. Kima cha chini cha mshahara kwa wenye miaka 21 na zaidi kilipanda Aprili 2025 kutoka pauni 11.44 hadi 12.21 kwa saa. Misaada mingi ya serikali huongezwa mwezi huohuo. Ila ongezeko la misaada huchukua mfumuko wa Septemba iliyotangulia, na kati ya Septemba na Aprili mengi hutokea. Aprili 2022 misaada iliongezwa kwa asilimia 3.1 wakati bei zilikuwa zimeshapanda kwa asilimia 9. Hiyo nafasi katikati ndiyo iliyowapeleka watu kwenye foleni za benki za chakula, yaani vituo vya kugawa chakula bure, na sioni sababu ya kuiita bahati mbaya wakati kanuni ilikuwa inajulikana tangu awali. Kwa wanaofanya kazi kuna jambo la kimyakimya zaidi: kiasi cha mapato kisichotozwa kodi kimebaki pauni 12,570 tangu Aprili 2021. Mshahara ukipanda kufuata bei, sehemu yote iliyozidi hapo inatozwa kodi, ingawa mshahara huo haununui zaidi ya zamani.

Kuna na bili isiyotajwa kwenye takwimu zozote za Uingereza. Machi hadi Mei ni masika nyumbani. Kenya muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au hapo Mei inapoanza, na simu za karo huanza kabla ya hapo. Aliye huku analipa Aprili mbili kwa mshahara mmoja. Sina dawa ya hilo, na simwambii mtu asitume. Ninachoona kikiwasaidia watu ni kuzungumza na ndugu mapema, Februari, ile miezi ya kodi ya halmashauri kupumzika, na kutuma sehemu ya karo wakati huo badala ya kusubiri kila kitu kigongane.

Baada ya hesabu zote hizo, machipuko bado yapo, na sehemu yake kubwa haina mlango wa kulipia. Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele. London ambayo Desemba ilipata mwanga kwa saa nane tu, mwanzoni mwa Aprili ina kama saa 13, na Juni itapita 16. Kwa mwili huo si urembo. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa jua, na hapa jua la kutosha kwa kazi hiyo huwapo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi, ndiyo maana ushauri rasmi wa afya unawataka watu wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza maikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima, wakati wengine hushauriwa vuli na baridi tu. Kwa hiyo mama anayemaliza zamu na kukaa nusu saa kwenye benchi la bustani hapotezi muda. Asionewe haya, na asijionee haya yeye mwenyewe.

Benchi hilo lenyewe lina historia. Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, ilifungua mwaka 1847 bustani iliyojengwa kwa fedha za umma kwa ajili ya watu wote, ya kwanza ya aina yake Uingereza, wakati miji ya viwanda ilikuwa imejaa moshi na vyumba vya kusongamana. Na milima ilipiganiwa. Tarehe 24 Aprili 1932, katikati ya ukosefu mkubwa wa kazi, mamia ya wafanyakazi vijana wa Manchester na miji ya jirani walipanda Kinder Scout, mlima uliofungwa ili matajiri wawinde ndege. Walipambana na walinzi, na watano wakafungwa jela. Mmoja wa waliowaongoza, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Kampeni ambayo tukio lile liliipa nguvu ilizaa sheria ya hifadhi za taifa ya mwaka 1949, na mwaka 1951 eneo lilelile, Peak District, likawa hifadhi ya kwanza ya taifa. Leo England na Wales zina zaidi ya maili 140,000 za njia ambazo mtu yeyote ana haki ya kupita, hata zikikatiza shamba la mtu. Wengi wetu tumeishi hapa miaka mingi tukidhani mashambani ni kwa wenyewe. Si kweli, na aliyelipia haki hiyo kwa kufungwa hakuwa tajiri.

Mwishoni mwa Aprili tafuta msitu wenye maua ya bluebell, yanayotandika ardhi yote rangi ya buluu kwa wiki chache. Yatazame, usiyang'oe, sheria ya mwaka 1981 inakataza. Kuchuma majani ya porini kwa kula nyumbani, si kwa kuuza, kwa kawaida hakuhesabiwi wizi, lakini palipotangazwa kuwa eneo la hifadhi fuata tangazo. Mmea wa kuwasha uitwao nettle, ule ambao Wakikuyu huuita thabai na kuuponda kwenye mukimo, umejaa kando ya njia. Vaa glavu, chuma vichwa vichanga kabla haujatoa maua, mbali na barabara na mbwa, uchemshe, kuwasha kunaisha. Ukaangwe kwa kitunguu na kutiwa tui la nazi, watu watauliza umenunua wapi mchicha. Kitunguu saumu cha porini kinahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu majani yake yanafanana na ya mimea yenye sumu inayoota humohumo. Harufu ikishaingia vidoleni kila jani litanuka saumu, kwa hiyo kagua jani mojamoja kwa macho, na usilolijua liache.

Likizo ya Pasaka ni wiki mbili, na chakula cha bure cha shule husimama. England ina mpango wa shughuli na chakula kwa watoto wanaopata mlo huo wa bure, Pasaka, kiangazi na Krismasi. Nafasi huandikishwa kupitia halmashauri au shule na hujaa mapema, ulizia Machi. Nyumbani, kamba ya kuanikia nguo inaokoa zaidi ya inavyodhaniwa. Mashine ya kukaushia ya kizamani hula uniti 4 hadi 5 kwa mzunguko, ambazo kwa bei ya Aprili 2025 ya peni 27 ni zaidi ya pauni moja kila mara.

Na kama una kibaraza au dirisha la jua, ule upungufu wa mboga wa majira haya unaweza kupunguzwa kwa mkono wako. Vipande vya ardhi vya halmashauri vya kukodi kwa kilimo vina foleni ndefu, jiandikishe lakini usivisubiri. Sukuma wiki haiogopi ubaridi: ikipandwa Aprili kwenye ndoo yenye matundu chini, majani machanga yanachumika ndani ya miezi miwili, na ukichuma ya chini tu mti unaendelea kuzaa hadi baridi irudi. Giligilani hupandwa kidogo kila baada ya wiki tatu, maana jua likizidi hukimbilia kutoa maua. Mchicha ni wa joto. Uanzishe ndani dirishani mwishoni mwa Aprili, na usiutoe nje hadi mwisho wa Mei, usiku wa barafu ukishapita.